Jinsi ya Kupima Kama Kemikali Inazima Tezi ya Thairoidi

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliwahi kuniletea matokeo yake huku akitabasamu. Panya aliowanywesha kemikali yake kwa wiki mbili walikuwa na tezi za thairoidi zilizokaribia mara mbili ya zile za panya waliokunywa maji matupu. "Mwalimu," akasema, "kitu hiki kinachochea thairoidi." Nikamuuliza kama amepima homoni. Alikuwa bado. Tulipopima tukakuta T4, homoni ya tezi yenyewe, imeshuka sana, na TSH, homoni inayoisukuma tezi ifanye kazi, imepanda. Kemikali yake ilikuwa inazima tezi, na tezi ilivimba kwa sababu ilikuwa inazimwa.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa aina yake: mwanafunzi wa biokemia, famasia au sumu za mazingira, mwenye maabara ya kawaida na bajeti ya kawaida, anayetaka kujua kama kemikali fulani inakandamiza thairoidi na inaikandamizia wapi. Sitasema habari za kutibu wagonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari.

Tutatembea na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, nao ni ETU, yaani ethilini-thaiourea. Mkulima wa nyanya anaijua bila kuijua. Ukipulizia mankozebu kuzuia baka jani, dawa hiyo inapovunjika, na hata mboga yenye mabaki yake inapopikwa, hutoa ETU. Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha kibali cha mankozebu mwishoni mwa 2020. Huku kwetu bado iko kwenye mashamba mengi. Kwa hiyo tunaipima ETU kwa sababu iko sahanini, si kwa kutafuta mtihani wa kufanyia mazoezi.

Kabla ya kushika pipeti

Thairoidi hutengeneza homoni kwa kutumia iodini, ile ambayo kwenye pakiti za chumvi inaitwa madini joto. Iodini huja kwenye damu ikiwa iodaidi. Mlango wa kwanza ni pampu iitwayo NIS, inayovuta iodaidi kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli. Mlango wa pili ni kimeng'enya, peroksidezi ya thairoidi, ambacho wote tunakiita TPO. Kwa msaada wa haidrojeni peroksaidi, TPO huibandika iodini kwenye protini kubwa iitwayo thairoglobulini, kisha huunganisha vipande viwili kuwa T4 yenye atomu nne za iodini au T3 yenye tatu. Homoni hukaa ghalani, ndani ya ile protini, mpaka ihitajike. Ikishatoka, ini na figo hubadilisha T4 kuwa T3, na ini hilohilo huisafisha T4 na kuitupa.

Juu ya yote hayo kuna tezi ya pituitari kwenye ubongo. Ikiona homoni imepungua kwenye damu, inatuma TSH, na TSH inaiambia thairoidi ifanye kazi zaidi, iongeze seli, iongeze mishipa ya damu. Ukiwa umeziba mlango wa pili, tezi inapigwa mijeledi ya TSH usiku na mchana bila kuweza kutoa kitu. Inakua tu. Hilo ndilo rovu, na ndiyo sababu watu wa nyanda za juu waliokosa madini joto walikuwa na shingo nene.

Utafiti huu wote ulianzia kwenye tezi zilizovimba bila mtu kutarajia. Mwaka 1928 Chesney, Clawson na Webster wa Johns Hopkins kule Baltimore waligundua kwamba sungura waliolishwa kabichi walikuwa wanaota rovu. Miaka ya mwanzo ya 1940 watafiti wengine, akina MacKenzie na Richter, waliona tezi za panya zinavimba kwa dawa za salfa na kwa fenili-thaiourea. Ndipo Edwin Astwood wa Boston akafanya kazi ya uvumilivu: alichukua kemikali 106, akawapa panya, akatoa tezi na kuzichunguza. Matokeo aliyachapisha mwaka 1943. Zilizoshinda zilikuwa thaiourea na thaiourasili, na mwaka huohuo akazitumia kwa wagonjwa ambao thairoidi zao zilikuwa zinafanya kazi kupita kiasi. PTU, methimazoli na kabimazoli zinazoandikwa hospitalini leo ni watoto wa kazi hiyo. Ukiangalia umbo la ETU utaona ni ndugu yao: ile kaboni yenye salfa katikati ya naitrojeni mbili ipo palepale.

Astwood alikuwa na panya, mizani na hadubini. Sisi tuna njia za kujua mlango uliozibwa kabla hata ya kumgusa panya. Zitumie.

Hatua ya 1: Chagua za kulinganisha, na uijue kemikali yako

Usipime kemikali moja peke yake. Kila jaribio liwe na methimazoli kama kizuizi kinachojulikana cha TPO, na perklorati ya potasiamu kama kizuizi kinachojulikana cha pampu ya NIS. Hizo mbili zitakwambia kama jaribio lenyewe linafanya kazi. Ongeza kemikali moja unayojua haifanyi lolote. Bila hiyo, siku kila kitu kinapoonekana kizuizi hutajua kwamba tatizo ni maji yako.

Kuhusu kemikali yako mwenyewe, hakikisha usafi wake, jinsi inavyoyeyuka, rangi yake, na kama ina salfa inayopenda kupokea oksijeni. ETU huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo haina shida. Zisizoyeyuka kwenye maji zitahitaji kiyeyusho kiitwacho DMSO. Tengeneza hifadhi ya milimolari 10, na ukiweka DMSO isizidi asilimia 1 ya mchanganyiko wa mwisho, ukolezi wa juu kabisa utakuwa mikromolari 100. Kutoka hapo shuka kwa theluthi: 100, 30, 10, 3, 1, 0.3, 0.1. Hata mirija ya ulinganisho iwe na DMSO ileile. Nimeona makala nzima ya kurasa nane ikiporomoka kwa sababu mirija ya ulinganisho ilikuwa na maji na mirija ya kemikali ilikuwa na DMSO.

ETU ni sumu ya uzazi kwa wanyama wa maabara, na thaiourea pia si ya kuchezea. Pimia ndani ya kabati la hewa, vaa glovu, na mwenzako mjamzito apangiwe kazi nyingine.

Hatua ya 2: Pata TPO

Njia inayotumika sana ni tezi ya nguruwe, kwa sababu ni kubwa na inapatikana. Nenda machinjioni mapema, ongea na mchinjaji mwenyewe, usimtume mtu. Kwenye nguruwe tezi hii ni donge moja lenye rangi nyekundu iliyokolea, liko chini ya koo karibu na mahali shingo inapoingia kifuani, limelala juu ya bomba la hewa. Wauza kitimoto wengi huikata na kuitupa bila kujua jina lake. Iweke kwenye barafu papo hapo.

Maabara ikiwa na sentrifuji ya kasi kubwa: toa mafuta, katakata, saga kwenye bafa baridi yenye sukrosi 0.25 molari, zungusha kwa 1,000 g dakika 10, tupa mashapo, kisha zungusha majimaji ya juu kwa 100,000 g saa moja. Mashapo ya sasa ndiyo yenye utando ambao TPO imejikita. Yaoshe na kuyazungusha tena walau mara moja. Usiruke kuosha, kwa sababu himoglobini ya damu nayo huoksidisha gwayakoli, ile kemikali ya kutoa rangi tutakayoitumia Hatua ya 3, na ukiiacha utapima damu ukidhani unapima TPO. Kipimo cha usafi ni rahisi: methimazoli ikiwekwa nyingi, kasi ishuke karibu na sifuri. Ikibaki asilimia 30 isiyoshuka hata ufanye nini, hiyo ni damu. Gawa kwenye mirija midogo, hifadhi kwenye nyuzi -80, na usigandishe na kuyeyusha mrija mmoja mara mbili.

Usipokuwa na sentrifuji hiyo, au kama dini au nafsi haikuruhusu kushika nguruwe, nunua laktoperoksidezi ya maziwa ya ng'ombe. Ni ndugu wa karibu wa TPO na inazuiwa na kemikali nyingi zilezile. Kwa kuchuja orodha ndefu inatosha. Ila kwenye ripoti andika wazi kwamba ulipima laktoperoksidezi, usiandike TPO.

Hatua ya 3: Jaribio la gwayakoli

Hili ndilo jaribio la bei rahisi kuliko yote na linafanyika kwa spektrofotomita yoyote. Gwayakoli ikioksidishwa inakuwa na rangi ya kahawia nyekundu inayofyonza mwanga wa nanomita 470. Changanya bafa ya fosfati ya pH 7.4, gwayakoli milimolari 33, TPO na kemikali yako. Subiri dakika chache kwenye nyuzi 37, kisha anzisha kwa haidrojeni peroksaidi takriban milimolari 0.3. Soma kila sekunde 10.

Haidrojeni peroksaidi ya chupa ya dukani huharibika kimyakimya. Kabla ya kila siku ya kazi punguza kidogo na usome kwenye nanomita 240, ambapo molari moja hufyonza 43.6 kwa sentimita. Ukikuta namba tofauti na uliyoandika mwezi uliopita, amini mashine.

Sasa hesabu. Tuseme mrija wa ulinganisho unapanda 0.100 kwa dakika. Rangi ya gwayakoli ina kipimo cha 26.6 kwa milimolari, kwa hiyo unatengeneza kama mikromolari 3.8 za rangi kwa dakika. Kila molekuli ya rangi hiyo hula molekuli nne za peroksaidi, yaani kama mikromolari 15 kwa dakika. Ulianza na 300. Dakika ya kwanza inakula asilimia 5 tu, na mstari bado umenyooka. Dakika ya saba hali ni nyingine. Ndiyo maana kasi inasomwa mwanzoni, na anayesoma namba moja baada ya dakika kumi anajidanganya.

Kasi ya kila ukolezi igawe kwa kasi ya ulinganisho, chora, tafuta ukolezi unaoacha nusu ya kasi. Hiyo ndiyo IC50. Rudia siku tatu tofauti, ukiweka mirija mitatu kila mara. Kinachofaa kuripotiwa zaidi ni uwiano wake na methimazoli ya siku hiyohiyo, maana IC50 tupu hubadilika kulingana na kiasi cha kimeng'enya, cha peroksaidi na cha kila kitu.

Angalia pia umbo la mstari, si mteremko peke yake. Kizuizi cha kweli hulaza mstari tangu mwanzo. Kemikali inayorudisha rangi nyuma, vitamini C kwa mfano, husababisha mstari ukae chini kwa muda kisha upande kwa kasi ya kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo haijazuia kimeng'enya, imekula kilichotengenezwa mpaka ikaisha. Na kemikali inayokula peroksaidi yenyewe utaigundua ukiongeza peroksaidi mara mbili: "kizuizi" kinayeyuka. Yapo pia madude yanayozima kila protini kwa kujikusanya kuwa chembe; ongeza sabuni ya maabara asilimia 0.01, na kama nguvu yake inatoweka, itoe kwenye orodha.

Shirika la mazingira la Marekani lilipopitisha kemikali 1,074 kwenye TPO, kazi iliyochapishwa 2016, halikuishia kwenye jaribio la kwanza. Zilizoonekana kuzuia zilipimwa pia kwenye kimeng'enya kingine kisichohusiana na thairoidi, kujua kama zinazuia TPO au zinaua chochote kilicho mbele yao. Maabara ndogo inaweza kuiga wazo hilo kwa kimeng'enya chochote cha bei nafuu ilicho nacho.

Hatua ya 4: Sasa weka iodaidi

Hapa ndipo watu wengi wanaipoteza ETU. Gwayakoli si kazi halisi ya TPO, ni kazi ya kuazima. Kazi yake halisi ni iodaidi, na kazi iliyochapishwa mwaka 1990 ilionesha kwamba ETU inazuia TPO pale iodaidi inapokuwepo, kwamba kimeng'enya chenyewe karibu hakiharibiki, na kwamba ETU ikishaliwa yote kazi inaendelea. Methimazoli ni tofauti: bila iodaidi inaiua TPO moja kwa moja. Anayepima kwa gwayakoli peke yake anaweza kuiandika ETU kuwa dhaifu au salama.

Kwa hiyo rudia jaribio bila gwayakoli, ukiweka iodaidi ya potasiamu, na usome triiodaidi kwenye nanomita 353. Au weka tirosini pamoja na iodaidi na usome nanomita 290, ambapo tirosini iliyobandikwa iodini huonekana. Mimi napenda hili la pili kwa sababu ndilo linalofanana na kinachotokea kwenye tezi.

ETU itakuonesha mstari unaolala, kisha unaamka. Usiikimbilie ile sheria ya vitamini C ukasema si kizuizi. Ndani ya mrija ETU inaisha. Ndani ya mtu anayekula mboga yenye mabaki kila siku, inaongezwa kila siku. Tofauti ya kuandika ni kwamba ETU huipokonya TPO iodini iliyokwisha kuoksidishwa, huku methimazoli ikimalizana na TPO yenyewe. Kupata uhakika, changanya kimeng'enya na kemikali, iodaidi na peroksaidi kwa dakika 10, kisha punguza mara 100 na upime upya. Kazi ikirudi, kizuizi kinarudi nyuma. Isiporudi, kimeng'enya kimekufa.

Hatua ya 5: Mlango wa pampu

Kemikali inaweza kuiacha TPO salama kabisa na bado ikaizima tezi kwa kunyima iodaidi isiingie. Mfano tulionao karibu ni muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri hutoa sayanaidi, mwili huibadilisha kuwa thaiosayanati, na thaiosayanati hugombania pampu ya NIS na iodaidi. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, akina Delange na Ermans walikuta miaka ya 1960 kwamba rovu lilikuwa jingi zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi ingawa upungufu wa iodini ulikuwa pande zote mbili. Muhogo ulikuwa unaliwa zaidi kaskazini.

Jaribio linahitaji seli. Zinazotumika zaidi ni FRTL-5 za tezi ya panya, ambazo huongezeka tu ukiwapa TSH kwenye chakula chao. Wape iodaidi kidogo pamoja na kemikali yako, subiri kama nusu saa, osha haraka kwa bafa ya barafu, kisha pima iodaidi iliyoingia. Wenye kibali cha mionzi hutumia iodini 125. Wasio nacho, yaani wengi wetu, hutumia mmenyuko wa Sandell na Kolthoff wa mwaka 1937: seriamu ya njano hupoteza rangi mbele ya asenaiti, na iodaidi ndiyo kichocheo. Rangi inavyofifia haraka, ndivyo iodaidi ilivyo nyingi. Maabara zinazopima madini joto kwenye mkojo wa watoto wa shule zinaujua mmenyuko huu vizuri, kwa hiyo ukikwama nenda kwao kabla ya kununua chochote.

Ukiwa unapima thaiosayanati, ujue kwamba nayo huipunguzia seriamu rangi bila msaada wa iodaidi. Lazima sampuli zichemshwe kwanza na amonia persalfeti, na zile seli zioshwe mara mbili. Perklorati ndiyo kipimo chako cha kulinganisha. Kwenye seli zenye pampu ya binadamu, utafiti wa 2004 ulikuta nguvu ya perklorati ni mara 15 ya thaiosayanati na mara 240 ya naitrati, kwa molari. Namba zako zikipishana sana na mpangilio huo, kagua seli kabla ya kujisifu. Na daima pima uhai wa seli pembeni. Seli iliyokufa haivuti iodaidi, lakini hilo si kuzuia NIS.

ETU hapa itatoka bila madoa, na hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 6: Viluwiluwi

Mwaka 1912 Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya thairoidi ya farasi, wakageuka vyura wadogo kabla ya wakati wao. Kugeuka kwa kiluwiluwi kunaendeshwa na homoni ya thairoidi, na hivyo kiluwiluwi ni kipimo hai cha thairoidi. Mwongozo namba 231 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali, wa mwaka 2009, umelifanya jambo hilo kuwa jaribio rasmi kwa chura Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika.

Kwa ufupi: viluwiluwi wa hatua ya ukuaji ya 51, siku 21, nyuzi 22, saa 12 za mwanga na 12 za giza, ukolezi usiopungua mitatu pamoja na ulinganisho, matangi manne kwa kila kundi, viluwiluwi 20 kwa kila tangi. Siku ya 7 toa watano kila tangi na upime, siku ya 21 pima waliobaki: hatua ya ukuaji, urefu wa mguu wa nyuma, urefu wa mwili, uzito, na tezi chini ya hadubini. Ulinganisho wako wafike angalau hatua ya ukuaji ya 57 kwa mediani (thamani ya katikati). Wasipofika, jaribio limekufa na hakuna takwimu itakayolifufua.

Maji ndiyo kazi ngumu. Yanatakiwa yawe na iodaidi kati ya mikrogramu 0.5 na 10 kwa lita. Maji ya bomba ya mjini yana klorini, ya kisima yanaweza kukosa iodaidi kabisa, na ukitumia hayo utaona viluwiluwi wote, hata wa ulinganisho, wamesimama kama waliotiwa PTU. Pima maji kwanza.

Kiluwiluwi aliyezimwa thairoidi hanyauki. Anaendelea kula, ananenepa, mkia umeshiba, miguu haioti. Aliyepewa sumu ya kawaida naye huchelewa kukua, lakini anakuwa mdogo na dhaifu. Ukikuta wadogo na miguu mifupi usiseme thairoidi mpaka uone tezi: ikiwa imevimba na seli zake zimerefuka, TSH imekuwa ikiipiga. Ikiwa ya kawaida, kemikali yako ni sumu tu.

Hatua ya 7: Panya, kama kweli unawahitaji

Kama umefika hapa na hatua za 3 hadi 6 zinakubaliana, jiulize kama panya watakwambia jipya. Kamati ya maadili itakuuliza swali hilohilo. Kwa Tanzania kibali cha utafiti kinapitia COSTECH, Kenya ni NACOSTI, na ukitumia iodini yenye mionzi kuna Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Anza miezi kadhaa kabla.

Panya wanafaa kwa sababu T4 yao huisha upesi, nusu yake hutoka kwenye damu ndani ya siku moja hivi, wakati kwa binadamu ni kama wiki. Kwa hiyo wanaonesha athari haraka. Kwa sababu hiyohiyo wanaonesha kwa nguvu kuliko binadamu, na mtu akisahau hilo anatisha watu. Novemba 1959 Wamarekani wengi waliacha kununua tunda la cranberry kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, baada ya serikali kutangaza kwamba baadhi yake lina amitroli, dawa ya magugu inayozuia TPO na iliyowapa panya uvimbe wa thairoidi.

Chakula cha panya kikaguliwe. Kikiwa na iodini nyingi sana kinaficha vizuizi dhaifu. Kikiwa na soya nyingi kina jenisteini, ambayo nayo huzuia TPO. Kemikali yako ikiwa chungu panya watakula kidogo, na njaa peke yake hushusha T4. Pima chakula kila siku, na weka kundi la panya wanaopewa kiasi kilekile ambacho wale wa kemikali wamekula.

Damu itolewe saa ileile ya asubuhi kwa wote, upesi, na makundi yachanganywe katika mpangilio. Ukianza na ulinganisho wote saa mbili ukamaliza na kemikali saa sita, umepima saa. Kifurushi cha vitendanishi cha kupimia TSH ya binadamu hakisomi TSH ya panya. Nunua cha panya. Tezi yenyewe ina miligramu chache tu, kwa hiyo usiing'oe ikiwa mbichi. Iondoe ikiwa imeshikamana na bomba la hewa, ihifadhi kwenye fomalini, halafu itenganishe chini ya hadubini na kuipima.

Hatua ya 8: Kusoma yote pamoja

T4 ikishuka, TSH ikipanda, tezi ikivimba, umeziba kimoja kati ya milango ya ndani, au ini linaitupa T4 kupita kiasi. Fenobabitoni hufanya hilo la mwisho: TPO yako kwenye mrija itakuwa safi lakini ini la panya litakuwa zito. T4 ikishuka na TSH isipande, na tezi ikawa ndogo, usiseme kizuizi cha thairoidi. Angalia njaa, msongo, au pituitari yenyewe. T4 ikipanda huku T3 ikishuka, kemikali imegusa ubadilishaji wa nje ya tezi. PTU inafanya mambo mawili kwa pamoja, inazuia TPO na inazuia ubadilishaji huo, methimazoli inafanya moja tu. Ndiyo maana haipendezi kutumia PTU kama kipimo pekee cha ulinganisho.

Ukihitaji kutenganisha pampu na TPO ndani ya mnyama hai, kuna jaribio la perklorati. Mpe panya iodini yenye mionzi, subiri tezi ivute, pima, kisha mchome perklorati na upime tena. Iodini iliyobandikwa kwenye protini haitoki. Iliyoingia tu bila kubandikwa inavuja nje haraka. Ikivuja, TPO ndiyo iliyozuiwa. Ikiwa tangu mwanzo haikuingia, tazama pampu.

Kwa ETU utakuta: pampu salama, gwayakoli ya kutilia shaka, iodaidi inazuiwa kwa muda na kazi inarudi, viluwiluwi wakubwa wasio na miguu, panya wenye T4 chini na TSH juu. Kwenye ripoti sentensi isomeke hivi: "ETU inazuia ubandikaji wa iodini unaofanywa na TPO, iodaidi ikiwepo, kwa kizuizi kinachorudi nyuma, haionekani kuzuia NIS." Usiandike "ETU ni hatari kwa thairoidi." Hatari inategemea kiasi kinachofika sahanini, na hicho hujakipima bado. Kinapimwa sokoni, kwenye nyanya.

Masalia ya Sandell na Kolthoff yana aseniki. Yasimwagwe kwenye sinki. Kusanya kwenye chupa yenye lebo, na chupa ikae kwenye kabati lililofungwa mpaka ikabidhiwe kwa wahusika wa taka hatarishi. ETU na thaiourea nazo zina chupa yao. Mizoga ya panya na viluwiluwi ichomwe kwenye tanuri, na maji ya matangi yapite kwenye mkaa kabla ya kwenda popote.

Nguruwe mzima anayebaki machinjioni, huyo ni wa mchinjaji. Ulimlipa tezi tu.